Ratiba ya Penseli

Naandika kwa penseli. Wino na mvua haviivi chungu kimoja,
na mimi ni katibu wa ligi, si nabii.
Wachezaji kumi na sita, viwanja viwili vya udongo mwekundu
chini ya mawe ya Capri Point,
na ziwa ambalo halijawahi kujaza fomu
lakini kila Novemba linafika fainali.

Kwa hiyo nimepanga.
Mechi zisianze saa moja, radi ya ziwani hupenda alfajiri;
zianze saa nne, udongo ukishapumua.
Jumapili ya akiba, na akiba ya hiyo akiba.
Magodoro mawili ya sponji, yakatwe vipande, ya kunywa madimbwi.
(Kipande kimoja mlinzi Bujiku anakilalia.
Nimekiandika hivyo hivyo kwenye orodha: kipo, kinatumika.)
Radi ikisikika mara moja, raketi chini, wote barazani.
Anayetoka Ukerewe, dakika zake za kuchelewa
zihesabiwe tangu meli itie nanga, si tangu mimi nitazame saa.
Hili Masalu wa benki alilipinga kikao kizima.
Nikamwambia: wewe unavuka barabara, mwenzio anavuka maji.

Hata visubi nimewapa kifungu.
Wingu lao husimama juu ya ziwa kama moshi usio na meli;
mwaka juzi tulilikimbia,
tukakaa ndani saa nzima tukilitazama jua.
Kifungu cha saba: kabla ya kukimbia,
hakikisha kama wingu lina mabawa.

Vifungu kumi na kimoja, ndani ya bahasha ya plastiki.
Nikajiona nimelifunga ziwa kamba.

Jumapili ya pili, saa tisa kasoro, seti ya tatu.
Holo, muuguzi wa Bugando, anaongoza tano kwa nne,
arobaini kwa thelathini.
Mpira wa kwanza akaupiga wavuni.
Akaudundisha wa pili, mara moja, mara mbili,
na ziwa likaja.
Sisemi ilinyesha. Lilihama.
Likafutika Jiwe la Bismarck, kikafutika kisiwa cha Saanane,
kisha wavu.

Siku kumi na tatu hatukucheza.
Siku kumi na tatu Holo aliishi mjini na mpira mmoja tu.
Nilimwona Kirumba akichagua dagaa,
mkono wa kulia umetulia kupita kiasi.
Nilimwona akimchoma mwanangu sindano,
nikawaza: huyu hana nafasi ya kukosea.
Na ng'ambo, Nansio, Mwalimu Nyangeta alifundisha desimali
magoti yamepinda kidogo, anasubiri.

Tukarudi. Mistari imechorwa upya kwa chokaa.
Nyangeta akauliza kwa sauti ya darasani:
"Katibu, anapiga mmoja au miwili?"

Nikafungua bahasha.
Radi imo, meli imo, godoro limo, visubi wamo.
Hilo halimo.
Masalu akakohoa kikohozi cha kikao.

Nyangeta hakunisubiri. Akarudi nyuma ya mstari wake,
akainua vidole viwili.
"Miwili. Ule wa kwanza ulishaoza na mvua."

Holo akautazama mpira kama anautafuta mshipa.
Akaurusha juu.

Na mimi wakati huo nimeinama,
natafuta penseli, kifungu cha kumi na mbili kisinitoroke.
Nilisikia tu puh, kisha kimya, kisha watu.

Kwa hiyo msiniulize ulitua wapi.
Niulizeni fainali: Jumapili, saa nne kamili, ziwa likiruhusu.
Hilo "likiruhusu" nimelifuta mara tatu.
Karatasi imetoboka hapo, na kupitia tundu
naona maji.