Siku Tisini Uwanjani

Yukhim Bondarchuk alikata mabawa.
Si ya kuku. Ya ndege iliyobeba vifo vya miji sita
na haikuvitaga.

Mkaguzi, mgeni mwenye mafua,
alipima ufa kwa futi kamba,
akaandika, akapenga kamasi, akaandika tena.
"Iachwe wazi siku tisini," akasema mkalimani,
"setilaiti ziione."

Basi ikalala vipande vipande juu ya theluji
kama samaki aliyeparwa, mpishi akamsahau.
Kunguru wakahamia chumba cha rubani.
Mbwa wa lindo akazalia chini ya mkia.

Ndani ya neno *mkataba* mna *kata*.
Yukhim haijui lugha hii,
ila bega lake la kulia lingeielewa.

Usiku Paraska, mkewe, aliuliza swali moja tu
huku akimenya viazi:
"Na wao? Wamekata za kwao?"

Akamwonyesha picha: jangwa, vipande,
kivuli cha mtu na msumeno wake,
kimechoka vilevile.

Paraska akaisogeza picha kwenye taa,
akahesabu mabawa kwa ncha ya kisu.

Akahesabu tena.