Matufaha ya Kukodi

Walinilipa kwa saa tatu, pamoja na chakula.
Ukumbi wa Gunsan, orofa ya pili, juu ya duka la matairi,
mvua ya Novemba ikigonga vioo kama mdai.
Bi Pilsun ametimiza themanini.
Wamemvika hariri ya rangi ya waridi,
binti yake akamkaza mkanda
mpaka akasema, "Taratibu, mimi si gunia la mchele."

Mbele yake meza, na juu ya meza minara:
matufaha, mapeasi, tende, peremende,
kila mnara umesimama wima kuliko sisi sote.
Kijukuu cha miaka minne kilinyoosha mkono, kikang'ata,
kikatazama alama ya meno yake.
Plastiki.
Yote ya kukodi, yarudi saa tisa,
na mwenye mali huhesabu.
Niliupiga picha uso wa mtoto yule.
Hawakuichagua.

Kazi yangu ni kupanga watu.
Warefu nyuma. Mkwe, sogea, bega la shemejio haling'ati.
Yongchol, kifungua mimba, vua miwani, inameta.
Walisujudu kwa zamu, nyumba kwa nyumba,
paji la uso hadi mkekani;
suruali ya mmoja ikachanika, kicheko kikanitikisa kamera.
Kitinda mimba alisujudu ndani ya simu,
yuko Sao Paulo: kwetu saa sita mchana, kwake saa sita usiku,
nyuma yake jokofu lenye sumaku.
Dada yake aliishika simu kwa mikono miwili, kama bakuli la supu.

"Mama, cheka."
Akacheka, kiganja mdomoni.
"Mama, toa mkono."
Picha arubaini. Katika thelathini na nane mkono upo.

Kisha akaniita ukumbini nje, penye makoti na miavuli inayochuruzika.
"Kijana, hapa pana ukuta mweupe?"
Nikadhani anatafuta pa kuegemea.
"Nataka ile nyingine.
Wanangu hawathubutu kuitaja.
Baba yao aliondoka ghafla, tukamkata
kutoka picha ya harusi ya binamu yake.
Bega la mtu mwingine likabaki pembeni.
Siku tatu nikapokea wageni wa msiba
mimi, na yeye, na bega lile."

Ukuta ulikuwapo, kando ya mtungi wa kuzimia moto.
Akavua herini, akanikabidhi nimshikie.
"Nisicheke sana, wataona nawadhihaki.
Nisinune, watashindwa kula."
Akajaribu nyuso mbili tatu, kama mtu anayejaribu viatu.
Halafu akaniambia habari ya kiwanda cha mbao,
mshahara wa kwanza, jino la fedha alilojinunulia
na mama mkwe aliyesema linamfanya aonekane mhuni.
Akafungua mdomo kidogo anionyeshe.
Mkono ulikuwa chini.

Kwa kawaida hupiga kumi, nikachagua.
Nilipiga moja.
"Imetoka?"
Imetoka.
"Basi twende, wasije wakakata keki bila mimi."

Ipo kwenye kompyuta. Nimeipa jina la tarehe tu,
maana sikujua herufi gani nyingine ziandikwe.

Saa tisa mwenye minara alikuja na maboksi.
Akahesabu. Akageuza tufaha moja,
akaweka kidole gumba kwenye vijishimo vinne.
Yongchol akaanza kutafuta pochi,
mama mtu akamnyima nafasi:
akalipa noti zilizokunjwa mara nane, akalichukua tufaha.
"Sasa ni langu."
Akalitumbukiza katika mkono wa vazi.

Ndiyo maana, nyinyi mnaoniandikia
mkiuliza kuhusu picha ya mwisho, ile ya mlangoni,
kiwiko cha Mama kina nini, amevimba?
je, naweza kupasawazisha?

Naweza. Sitaki.