Namba Saba

Nilikinunua kichupa soko kuu la Gulu, shilingi elfu nane,
mfuniko mwekundu, karatasi ingali inanuka gundi.
Sikukifungua njiani. Nilikibeba mpaka jikoni,
nikakomea mlango, nikachovya kidole,
na ulimi ukanitajia jina langu mwenyewe.

Odii. Karanga na ufuta, ndiyo, kila mama hapa husaga,
lakini yangu ina kitu kinachokuja nyuma, kimechelewa,
kama mgeni anayebisha hodi wenyeji wamekwisha kunawa.
Kitu hicho nakiita Namba Saba.
Usiniulize.

Magunia yake huingia usiku, chapa zimegeuzwa ndani.
Nusu nanunua Lira, nusu Kitgum, muuzaji asipige hesabu.
Daftari hulala katika sanduku la bati la marehemu,
chini ya vyeti vya ubatizo.
Wafanyakazi sita, wote walisaini:
wa mashine hajui mizani, wa mizani hajui moto.
Moto aliujua Ocitti.

Wakili Kirabira alinihoji kabla hajagusa kalamu.
"Ulimwambia kuwa ni siri?"
Nilimwambia.
"Kwa maandishi?"
Nikatoa karatasi, wino wa buluu, saini imeinama kama mtama wa mvua.
"Daftari lilifungiwa?"
Lilifungiwa.
"Siku zote?"

Nikakumbuka mazishi ya dada yangu, kule Pader,
nilivyomwachia Ocitti funguo zote, nikasema: moto usizime.
Siku moja. Na simu yake ina kamera.
"Siku moja tutaitetea," akasema wakili.
"Zingekuwa mbili, ningekurudishia faili.
Sheria haimbembelezi aliyelala mlango wazi."

Mahakamani hakimu alivua miwani.
"Mama Lamunu, siri yenyewe ni nini hasa?"
Hapo nikauona mtego. Nikisema, karani ataandika;
akiandika, ng'ambo ya barabara kuna fotokopi, mia mbili kwa karatasi.
Nisiposema, sina kesi.
Kuitetea siri ni kuivua nguo hadharani
ili watu wakubali kwamba ilikuwa na stara.

Wakili akaomba chumba kiachwe wazi. Wakatoka wote, hata askari.
Nikaandika maneno manne.
Hakimu akasoma, akanusa hewa kama mtu aliyekumbuka bibi yake,
akaikunja, akaitia bahasha, akapiga lakiri.

Ocitti hakukana.
"Picha nitazifuta. Daftari ni lake.
Lakini, mheshimiwa, pua yangu niiache wapi?
Yeye aliandika: kaanga mpaka iive.
Nani aliyejua imeiva?
Miaka tisa mimi nasema *sasa*,
yeye anatazama saa, anaandika."

Hakuna aliyecheka. Feni ilizunguka na kelele zake.

Hukumu: picha zifutwe mbele ya karani,
(amri ya kufuta, katika kesi ya ufuta)
vichupa viondolewe sokoni, Namba Saba asiiguse,
fidia alipe kila mwezi, kidogo kidogo.
Pua, akasema hakimu, aende nayo.

Nimeshinda basi. Ankara ya wakili ni nene kuliko fidia,
nimeitia sandukuni, juu ya vyeti vya ubatizo.
Kufuli ni jipya, la funguo mbili,
na ya pili hata msiba haunitoi mkononi.

Leo alfajiri nimewasha moto mwenyewe.
Kijana mpya, Olanya, amesaini karatasi tatu
na sasa kashika mwiko, kijasho kinamtoka,
ananiuliza: "Mama, nitajuaje?"

Ufuta unaruka, unadondoka, unaruka.
Nanusa. Nanusa tena.
"Bado," namwambia, kwa sauti ya mwenye mali.

Wala sijui kama ni bado.