Foleni ya Hamali

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Sent Pol,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nasi tumejipanga nje ya duka la Osgood Pettiford
kama watu wanaongojea mkate wakati wa vita.

Mkate hakuna. Tunangoja kitabu cha katuni,
kurasa mia mbili na arobaini,
kilichochelewa miaka sita.
Nina miaka sitini na mitatu na soksi tatu kila mguu.
Mjukuu wangu ameuliza kwenye simu: Bibi, katuni?
Katuni, ndiyo. Niache nigande.

Hamali wa Saa Tisa hana joho la kupepea,
hana nembo kifuani.
Ana koti jeupe lililopigwa wanga,
brashi ya viatu, kofia yenye namba.
Ni mwaka wa ishirini na tano, karne iliyopita,
treni ya usiku, mabehewa ya kulala,
na kila abiria anamwita Joji,
kwa kuwa mwenye mabehewa aliitwa Joji,
na mtu mweusi, hata pingu zilipokwisha kuoza,
aliitikia jina la bwana.

Tumeonyeshwa kurasa nane tu.
Tumezikariri kama watoto wa chuoni wanavyokariri juzuu.
Ukurasa wa tano: anainua sanduku la jaji,
dogo, la ngozi ya mamba,
na goti lake linapinda.
Ndipo tunapoujua uwezo wake, na adhabu yake:
kila mzigo humwelemea kwa uzito wa kilichofichwa ndani.
Chini ya mashati ya jaji, imekunjwa vizuri,
kofia nyeupe ya ncha,
matundu mawili ya macho.

Ukurasa wa nane: saa tisa usiku, daraja linaungua.
Hamali ameshuka relini,
ameliweka bega chini ya behewa.
Basi.
Wino umekatikia hapo.
Miaka sita behewa lile halijatuliwa.

Tunabishana ili damu isigande.
Kaolee Thao, anayesomea uuguzi, anasema atawaokoa wote,
jaji naye, maana mgonjwa ni mgonjwa.
Lavelle Stubbs, fundi wa lifti, anatema mvuke:
Akimwokoa yule jaji narudisha kitabu na nadai nauli.
Umekuja kwa miguu, anasema Kaolee.
Nadai viatu!

Nyuma yetu, mikono kwapani, Garland Hoyt hacheki.
Ni mzungu wa makamo, hakosi foleni hata moja.
Mwaka juzi aliniambia, bila mimi kumuuliza,
kwamba darini kwa babu yake walikuta sanduku,
na yeye ndiye aliyeliteremsha, ngazi kumi na nne.
Lilikuwa jepesi, alisema.
Akaitazama mikono yake,
akanunua alichokuja kununua, akaenda.

Mimi daraja halininyimi usingizi.
Babu yangu alitandika vitanda vya treni miaka thelathini na mmoja.
Jumapili moja kanisani, katikati ya sala,
mwanamke wa kiti cha mbele alimwita mwanawe aliyekuwa akitambaa:
Joji!
Babu akainuka.
Akasimama hivyo, kofia mkononi, tayari,
kanisa zima linamwona.
Nilikuwa na miaka saba. Nilimvuta koti.

Kwa hiyo nataka kujua jambo moja tu:
katika kurasa hizo zote mia mbili na arobaini,
yupo atakayemwita kwa jina lake?

Gari la mizigo linafika likiteleza.
Osgood anakata boksi kwa kisu cha jikoni,
anafungua daftari la waliolipa kabla.
Ananijua miaka ishirini, lakini utaratibu ni utaratibu.
Jina?

Andika Alpheus Dunnigan.

Ananitazama. Kalamu haitoi wino kwa baridi.
Anaipulizia pumzi, mara mbili, tatu,
halafu anauliza kama Dunnigan ina n mbili.
Tatu, namwambia. Zote ziandike.