Sita na Nusu

Jalada: kanisa lililobomoka, mwezi, kunguru mmoja.
Kunguru wa kwetu hawakai mmoja mmoja.
Wako mia juu ya mabati ya soko la Mabibo
na hakuna hata mmoja anayewaza kifo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, kwenye kaunta buku la kwaya tatu
(kwaya za karatasi, si za kanisani).
Mwinshehe akasoma, akacheka mpaka bisibisi ikamtoka.
Yeye hutengeneza spika Kariakoo, nyuma ya wauza kanga,
na albamu huipima kwa kiganja, juu ya koni:
ngoma za miguu zikienda sawa, anasema,
utahisi paka anakoroma.
Zikikosea, bajaji yenye plagi mbovu.
Hii ni bajaji, akasema.

Mimi nasikiliza maneno.
Yamo, ukishalizoea koo lile,
unayachomoa moja moja kama miiba ya perege:
theluji, theluji, kaburi, theluji.
Dakika hamsini za theluji
nami singlendi imenigandia mgongoni, Februari,
feni inazunguka kwa kusitasita,
na barafu niijuayo ni ile ya mfukoni, ya ubuyu.

"Ndiyo maana huelewi," anasema Mwinshehe.
Ndiyo maana naelewa. Anayetishwa na baridi
hajawahi kukimbizana na jua,
maiti isifike adhuhuri.

Niliwahi kwenda mpaka Mtakatifu Yosefu
nikatazame madirisha yaliyochongoka,
maana wapiga gitaa hawa wanaapa kwayo.
Nikakuta njiwa, maharusi wanapigwa picha,
na mlinzi aliyetazama mafuvu kwenye fulana yangu
akauliza kama nauza dawa ya panya.

Yule mwanamke wa albamu iliyotangulia, mwenye sauti ya kinanda,
anaimba huzuni kama anayejaribu gauni:
anageuka, anajitazama kisogoni.
Nilimpa nne.
Nimeitetea nne hiyo mbele ya watu watatu,
ambao ndio wote tulio nao wa kubishana nao,
na mmoja amehamia Dodoma.

Halafu Machi, shangazi Tulinagwe akafiwa na Ambakisye.
Tabata, turubai la bluu, viti vya kukodi.
Alilia kilio cha kawaida saa nzima.
Gari la Muhimbili lilipoingia getini kinyumenyume
sauti ikashuka,
ikashuka chini ya sauti,
mpaka pale koo linapoacha kuwa la mtu,
kabati linaburutwa kwenye sakafu ya saruji.
Na mimi, Mungu anisamehe,
kichwani, kabla hata sijamshika mkono,
nilimpa tisa.

Tisa. Sijawahi kumpa mtu tisa.
Kisha, nimebeba sinia la chai,
nikajiuliza ile moja nimeibania nini.

Mwinshehe nilimwambia wiki mbili baadaye. Hakucheka.
Alikuwa anagundisha koni, gundi imemkaukia vidoleni.
"Wao wanaigiza tu," akasema. "Kuigiza ni kazi.
Fundi wa majeneza naye hajafa."
Nikaliandika hilo. Nikalikata.
Nikaliandika tena pembeni, kwa penseli.

Basi, albamu hii ya kunguru:
gitaa limerekodiwa vizuri, ngoma ni bajaji,
theluji ingepunguzwa nusu.
Lakini wimbo wa sita, dakika ya nne,
mwimbaji anakosea, anavuta pumzi kabla ya wakati,
unasikia mate, unasikia meno,
unasikia kumbe kuna mtu humu.
Nilizima feni nisikie tena.

Sita. Na nusu, kwa ile pumzi.
Wimbo wa saba sijausikia;
luku iliishia hapo.