Mbizi ya Nne

Salalah nilijizoeza juu ya kochi,
saa ya ukutani mbele yangu, pua nimeibana kwa kibanio cha nguo,
na dada yangu Shinuna akipita na sinia la chai
akinicheka: mpiga mbizi nchi kavu
huchunuka usoni.
Dakika mbili na nukta kumi. Nikajiona samaki.

Hadbin, bahari haikuuliza habari za kochi.
Maji ya Desemba, baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri,
mwani umesimama wima, chini yake mwamba,
na chini ya mwamba sufaileh,
konokono bapa anayeng'ang'ania jiwe
kama mdai mlangoni.
Mbizi ya kwanza: nukta thelathini na tano.
Nikaibuka nakohoa,
kisu kikining'inia mkononi kama cha kuazima.

Tuful binti Mahad, anayezama tangu hajaanza kufunga ushungi,
alikuwa ameegemea dumu lake la mafuta, ndilo boya,
anamung'unya kokwa ya tende.
"Hiyo usiihesabu," alisema. "Wala ya pili.
Mwili ni bahili. Ubishie hodi mara tatu."

Kazi yangu mimi ni picha: hospitali, chumba cha giza,
jeli ya baridi juu ya matumbo ya watu.
Bandama naijua ilipo, kushoto, chini ya mbavu,
imejikunja kama ngumi ya mtoto aliyelala.
Nimeipima miaka kumi na moja
na sikuwahi kuihisi ikifanya kazi.
Kumbe ni ghala. Imeficha damu nzito, nyekundu,
wala haifungui kwa hodi moja.
Mbizi ya pili inajikunyata kidogo.
Ya tatu inajikamua
kama kitambaa cha tui mkononi mwa mpishi,
na ile akiba inaingia njiani.

Mbizi ya nne
moyo ukashuka ngazi: hatua,
kimya kirefu,
hatua.
Vidole vikaachiwa baridi, miguu ikaachiwa baridi,
damu ikahamia kifuani na kichwani
kama watu wa nyumba moja, usiku wa kipupwe,
wanaoacha vyumba vya pembeni
wakalala wote sebuleni.
Kiwambo kilipoanza kupiga chini ya mbavu
sikukimbia. Nikakiacha kipige. Ngoma ya jirani.
Nikaingiza kisu, nikabandua.
Mmoja!

Siku ya tano nikazidisha.
Nilimwona mkubwa, ndani kabisa ya ufa,
na kiwambo kilikuwa kimya,
na kiu ya hewa sikuisikia hata chembe,
raha tu, ile raha ya mtu aliyemaliza madeni.
Kisha mkono ukanikamata kisogo,
kisha mwanga, na Tuful, maji yakimtoka puani:
"Umejifunza kunyamaza! Nani kakwambia
kunyamaza ni kuwa na hewa?"
Akanizaba kofi. Midomo yangu, alisema, rangi ya biringani.
Akaniegemeza kwenye dumu, akanihesabia kwa sauti,
kwa Kijibali, lugha nisiyoijua hata moja yake,
mara mbili ya muda niliokaa chini,
halafu, kwa hasira, mara mbili tena.

Yule mkubwa nilikuwa nimepanda naye,
vidole vimemkazia, sikumbuki lini.
Tuful akampima kwa kipimo chake cha bati:
pungufu kwa upana wa ukucha.
Chini ya maji kila kitu hujitia ukubwa.
Akavuta pumzi moja, wala si ya kutisha,
akashuka kumrudisha kwenye ufa wake.

Nikabaki nahesabu moyoni.
Nilipofika hamsini na kitu
ndipo nilipogundua kwamba na mimi, huku juu,
nilikuwa sijapumua.