Ngome ya Kalenda

Bwana Lukwebo alinijia na kalenda ya zamani,
mwezi wa Novemba, umekunjwa mara nne,
na penye mkunjo mnara mmoja umepasuka.
"Fundi Mastaki, nataka hii. Pale Himbi, itazame ziwa."

Nikaitandaza juu ya mfuko wa saruji, nikaisoma
kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa.
Ukuta umenenepa chini, juu unakonda.
Madirisha ni nyufa tu, upana wa kiganja:
jicho haliingii, mshale unatoka.
Na kileleni meno, kama ya mtoto wa miaka saba,
jino, pengo, jino, pengo,
nyuma ya kila jino mtu amejibanza.

"Ina miaka mia nane," akasema,
akijisifu kana kwamba aliizaa yeye.

Nikaokota jiwe letu la makoro,
jeusi, lina matundu kama mkate.
Hili halijafika thelathini.
Lilishuka likiwa uji mwekundu,
likapita jikoni kwa mama, kule Birere,
likalala juu ya kitanda nilichozaliwa.
Kifungua mimba wangu ni mkubwa wake;
siku ile alikuwa anatambaa tayari.

Waashi wa kalenda walimjua adui.
Anakuja kwa farasi, ana uso,
akichoka, akiishiwa chakula, anarudi kwao.
Wa kwetu yuko chini ya msingi.
Nikichimba handaki namkaribia yeye;
sururu yangu hurudi na joto.

Lakini nilijenga. Miezi kumi na minne.
Chukudu zilileta mawe, zikarudi zikilia,
vidole vyangu vikapoteza alama zake.
Kwenye jino la tano fedha ikakatika,
na Bwana naye, simu yake haiiti.

Sasa mlinzi anaanika sambaza kwenye mapengo.
Katika tundu la mshale amepitisha waya wa redio.
Jumamosi maharusi huja kupigwa picha,
shela nyeupe juu ya jiwe jeusi,
nao huniuliza kama ni ya Wabelgiji.

Siwajibu. Nawazungusha hadi nyuma,
nawaonyesha mlango ambao kalenda haikuwa nao.
Nilipima upana wake kwa mwili wangu mwenyewe:
godoro kichwani, mtoto huku, mtoto huku.
Hauna komeo.
Unafungukia barabara ya Sake.